Kumwomba mwenye nyumba apunguze kodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapangaji wa Dar es Salaam

Nimepanga Dar es Salaam miaka kumi na mitatu: Manzese, Sinza, Tabata, na sasa Kimara. Miaka sita ya mwisho nasimamia pia vyumba vitano vya mama yangu mzazi kule Mbagala, kwa hiyo kodi nimeomba nipunguziwe, na nimeombwa niipunguze. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na majirani, wenzangu kazini na wapangaji wa mama. Kodi ninazozitaja humu nyingi ni za kupigia hesabu tu. Za mtaani kwako utazijua mwenyewe.

## Kabla hujafungua mdomo

Hivi kweli mwenye nyumba anaweza kushusha kodi, au najisumbua?

Anaweza, na wengi wanashusha. Husikii habari zao kwa sababu akishakubali, neno linalofuata ni "usiwaambie wenzako." Ila hashushi kwa huruma peke yake. Huruma anayo, lakini ana ndugu, ana majirani, na wote wanamlilia shida. Anashusha akiona kwamba kukupoteza kutamgharimu kuliko kukupunguzia.

Tupige hesabu. Chumba na sebule ni 250,000 kwa mwezi, yaani 1,500,000 kwa miezi sita. Unaomba iwe 220,000. Kwa miezi sita anakosa 180,000. Ukihama na chumba kikakaa tupu mwezi mmoja na nusu, amekosa 375,000, bado hajanunua rangi, bado kitasa, bado bomba la choo ambalo hakujua kama linavuja kwa kuwa wewe ulikuwa unakinga ndoo na kunyamaza.

Chumba kimoja cha mama kiliwahi kukaa tupu miezi mitatu kwa sababu ya shilingi elfu ishirini. Aliyeomba alikuwa fundi cherehani, mtu wa kulipa kabla ya tarehe. Aliyekataa ni mimi, na nilikosea. Tangu siku hiyo, mpangaji akija kuomba napiga kwanza hesabu ya chumba tupu ndipo nimjibu. Kazi yako wewe mpangaji ni kumfanya mwenye nyumba wako aipige hesabu hiyo kabla hajakujibu.

Serikali haijaweka kiwango ambacho mwenye nyumba hatakiwi kukivuka?

Hapana. Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano ya watu wawili, na upangaji wenyewe unasimamiwa zaidi na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Watu wakisikia hivyo hukata tamaa. Lakini ligeuze jambo uone upande wake wa pili: hata ile kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo si amri ya sheria, ni mazoea ya mjini yaliyoota mizizi. Kila kilichowekwa kwa makubaliano kinaweza kuongelewa upya: kiasi, idadi ya miezi, tarehe ya kulipa, nani analipa maji.

Nianze kuongea lini?

Miezi miwili kabla kodi haijaisha. Ukingoja wiki ya mwisho, yeye anajua huna muda wa kutafuta kwingine, na wewe unajua kwamba anajua. Miezi miwili inakupa nafasi ya kwenda, kurudi, kumwacha afikirie na, ikibidi, kutafuta nyumba bila kukimbizana na tarehe.

Majira nayo yana maneno yake. Mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari wenye nyumba wengi wanatafuta ada za watoto kama sisi sote. Mpangaji mwenye fedha taslimu wiki hiyo anasikilizwa kuliko wakati wowote. Maeneo ya jirani na vyuo, kama Ubungo, Sinza na Changanyikeni, usiende kuomba vyuo vinapofunguliwa. Wanafunzi wanagombea vyumba na wewe huna uzito. Masika ni wakati mzuri, kwa sababu watu hawapendi kuhama kwenye mvua, na mwenye nyumba akikupoteza Aprili anaweza kukaa na chumba chake hadi Juni.

Nitajuaje kama kodi yangu iko juu ya wenzangu?

Kwa miguu. Zunguka mtaa wako Jumamosi mbili, uliza wapangaji na siyo madalali peke yao. Dalali atakutajia bei ya juu, maana malipo yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja: kodi ikiwa kubwa na chake kinakua. Bei za matangazo ya mtandaoni nazo ni bei za kuanzia, siyo alizolipa mtu.

Linganisha vinavyolingana. Chumba cha kujitegemea chenye LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla) usikipime na chumba cha choo cha nje. Angalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kama kuna simtanki, kama kuna fensi, kama njia inapitika mvua ikinyesha. Umbali wa kituo una fedha yake: huku Kimara, ukiwa mbali na Barabara ya Morogoro na bodaboda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku ishirini na sita za kazi ni 52,000. Hiyo nayo ni kodi, ila unamlipa mtu wa pikipiki. Hoja ya aina hii mwenye nyumba huielewa mara moja, kwa kuwa anaijua njia ya kwake.

Andika nyumba tatu kwenye karatasi, na kodi zake. Tatu zinatosha.

Niombe kiasi gani?

Taja namba. Ukisema "nipunguzie kidogo," utapewa kidogo kweli: elfu tano. Mimi hushauri kuomba kama sehemu moja ya saba au ya nane ya kodi, ukijua moyoni utakubali hata nusu ya hapo. Ukiomba nusu ya kodi umemtukana, na mazungumzo yameisha kabla soda haijafunguliwa.

## Siku ya mazungumzo

Niende mwenyewe, nipige simu au nitume ujumbe?

Tuma ujumbe wa kuomba muda, kisha uende. Kodi haiongelewi vizuri kwenye simu. Humwoni uso, naye akichoka anakata. Chagua jioni ya siku ya mapumziko. Usimvizie akitoka kanisani au msikitini, wala usimwanze mbele ya wapangaji wenzako, kwa sababu hapo hata akitaka kukubali hawezi.

Ujumbe uwe mfupi, kama huu:

"Shikamoo baba. Ni mpangaji wako wa chumba cha mbele. Kodi yangu inaisha tarehe 30 mwezi wa tisa. Naomba nije nikuone Jumapili saa kumi jioni, tuongee kuhusu kodi inayofuata. Asante."

Neno la maana hapo ni "kodi inayofuata." Linamwambia unataka kubaki, na kwamba kuna fedha njiani.

Niseme nini hasa nikishakaa?

Anza na muda uliokaa na jinsi ulivyolipa, kisha useme unataka kuendelea, kisha namba, kisha sababu, na mwisho unachompa yeye. Nakupa mfano wangu wa Tabata, kama nilivyousema:

"Mzee, nimekaa kwako miaka miwili na miezi minne na kodi yako sijawahi kuichelewesha. Natamani niendelee. Sasa hivi nalipa laki mbili na nusu. Ile nyumba ya kijani nyuma ya msikiti ina vyumba kama hivi, kila mmoja na LUKU yake, na wanalipa laki mbili na ishirini. Ukiniwekea laki mbili na ishirini, hela ya miezi sita nakuletea yote tarehe ishirini na tano, kodi haijaisha."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kuliko yote. Ulimi ulikuwa unataka kuongeza maneno ya kujitetea. Mzee akatazama uani, akamwita mjukuu wake amletee miwani, ingawa hakukuwa na cha kusoma. Halafu akauliza, "Ile ya kijani maji wanatoa wapi?" Hapo nikajua ameshaanza kupima. Nikamjibu kweli, kwamba wananunua kwa jirani. Akasema basi hailingani na yake. Nikakubali. Tukaishia laki mbili na thelathini, na akaahidi kubadilisha koki ya jikoni. Aliibadilisha.

Ningemdanganya kuhusu maji, angeuliza mtu kesho yake na neno langu lisingekuwa na thamani tena pale kwake.

Akisema "kama umeshindwa, hama"?

Wengi husema hivyo mwanzoni, na mara nyingi ni kinga tu, siyo uamuzi. Usijibu kwa hasira na usiinuke. Sema: "Nimekusikia baba. Naomba ulifikirie, nitarudi Jumapili ijayo." Kisha urudi kweli. Mtu aliyelala na jambo wiki nzima, akalipigia hesabu na mkewe, huongea lugha nyingine.

Wewe usiwe wa kwanza kutamka kuhama, labda uwe umeshaiona nyumba nyingine na uko tayari kwenda. Ukitishia kuhama mwezi wa saba na mwezi wa nane bado upo, umeshajulikana. Na kuhama kuna gharama zake: kodi ya mwezi mmoja ya dalali, hela ya kuonyeshwa nyumba, kirikuu ya kubeba vyombo, pazia ambazo hazitoshi madirisha mapya. Kwa chumba cha 250,000 unaweza kumaliza zaidi ya 350,000 kabla hujalala usiku wa kwanza. Lijue hilo unapoamua ukomo wako.

Kuna maneno ya kuepuka?

Usimtishie kwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Ni kweli kodi ya pango ni mapato yanayotozwa kodi, lakini siku utakayoitaja TRA sebuleni kwake, amekuweka kwenye kundi la maadui, na hata ukishinda hutakaa kwa amani. Usitaje kodi ya mpangaji mwenzako kwa jina, utamchongea. Usibuni msiba wala ugonjwa. Na ubovu wa nyumba utaje kama mtu anayeishi humo, kwa mfano "paa linavuja juu ya kitanda cha mtoto." Ukimwambia nyumba yake ni mbovu, kumbuka aliijenga kwa miaka, tofali kwa tofali, na anaipenda.

Mwenye nyumba hakai hapa. Anayekusanya kodi ni mwanawe, au dalali. Niongee na nani?

Na mwenye uamuzi. Msimamizi anaweza kuongeza kodi kwa neno lake, lakini kupunguza ataogopa. Mwambie kwa heshima kwamba una ombi unalotaka kulifikisha kwa mzee, na umwombe namba yake. Usimruke kimya, ukimruka atalipinga kwa sababu tu amerukwa.

Dalali ni jambo jingine. Yeye anapata akiingia mpangaji mpya. Kubaki kwako hakumpi kitu, kwa hiyo usimpe kazi ya kukuombea ubaki.

Wapangaji wote twende pamoja?

Kwa kodi ya kila mmoja, hapana. Mwenye nyumba akiona watu sita mlangoni anaona mgomo, na punguzo la mmoja kwake linakuwa punguzo la sita. Kwa mambo ya wote, kama choo, maji, taa ya uani au LUKU ya pamoja, ndiyo, nendeni wawili au watatu mliochaguliwa na wenzenu.

## Akigoma kushusha shilingi

Amekataa kabisa kugusa namba. Nimeondoka mikono mitupu?

Bado. Mara nyingi anachokilinda ni ile namba, kwa kuwa wapangaji wengine wataisikia. Mwombe kitu kisichoonekana kwenye namba:

- alipe maji yeye, au taa ya geti;
- kodi isipande kwa mwaka mmoja au miwili, na iandikwe hivyo;
- ulipe miezi mitatu mitatu badala ya sita;
- apake rangi, aweke wavu madirishani, atengeneze choo;
- mwezi mmoja wa bure ukilipa mwaka mzima.

Mimi ninalolipenda ni la tatu. Kwa mtu wa mshahara, tofauti kati ya kutafuta 1,500,000 na kutafuta 750,000 ni tofauti kati ya kukopa kwa riba na kutokopa. Ukikopa 1,500,000 ili ulipe kodi, ile riba imekuwa sehemu ya kodi yako. Wapo wanaopigania kupunguziwa elfu kumi kwa mwezi huku wakilipa zaidi ya hiyo kwa mkopeshaji.

Nikilipa mwaka mzima nitapunguziwa?

Mara nyingi ndiyo, hasa mwenye nyumba akiwa na ujenzi unaoendelea au ada mbele yake. Lakini usimlipe mwaka mtu usiyemjua, kwenye nyumba ambayo hujaiona masika. Fedha ikishamezwa na tofali hairudi. Kwa nyumba mpya mimi hulipa muda mfupi kuliko wote anaokubali, hata bila punguzo, na kuomba punguzo la mwaka kuanzia kodi ya pili.

LUKU yangu inakatwa kodi ya majengo. Hiyo siyo ya mwenye nyumba?

Ni yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 ni 1,500. Kwa ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Anayewajibika ni mmiliki. Wewe ukinunua umeme umemlipia tu, na mnatakiwa mrudishiane.

Kwa nyumba ya kawaida, kwa mwaka hiyo ni 18,000. Ndogo, lakini ni hoja nzuri kwa kuwa haina ubishi. Tunza ujumbe wa manunuzi ya umeme, kila mmoja unaonyesha makato. Ukimwambia "baba, mwaka huu nimekulipia kodi ya jengo elfu kumi na nane, naomba tuiondoe kwenye kodi inayofuata," ni mara chache mtu akakataa, na mlango wa kuongea mengine umeshafunguka.

Tuko wapangaji sita kwenye LUKU moja. Naweza kuitumia kuomba punguzo?

Unaweza, na ni haki. Manzese tulikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu ukutani karibu na mita: majina sita, na pembeni nani amechangia elfu tano lini. Mwenye friji alilipa sawa na mwenye taa moja na chaja. Kila Ijumaa ugomvi. Kama unatoka asubuhi na kurudi usiku, omba uchangie kidogo au kodi yako iteremke kidogo. Jibu la kudumu ni mita ndogo ya kila chumba. Jitolee kununua ya kwako na ikatwe kwenye kodi (soma swali linalofuata kabla hujanunua).

Nikitengeneza mwenyewe, nikate kwenye kodi?

Siyo kabla hamjakubaliana. Ukiita fundi, ukalipa 120,000, kisha ukampelekea risiti, kwake umemlipia kitu ambacho hakukiomba. Fuata njia hii: piga picha ya kilichoharibika, umtumie, mwambie bei ya fundi, ungoje jibu la maandishi. "Sawa tengeneza tutakata" kwenye WhatsApp inatosha. Kisha tunza risiti na kile kilichotolewa. Koki mbovu au swichi iliyoungua usiitupe, mwonyeshe.

## Mkishakubaliana

Ni mtu mzima, ameniahidi kwa mdomo. Lazima tuandike?

Andikeni. Si kwa kutomwamini. Ni kwa sababu watu wanasahau, wanasafiri, wanafariki. Mkataba wa upangaji wa muda usiozidi mwaka unaweza kuwa wa mdomo kisheria, lakini siku ya ubishi neno lako litakuwa dhidi ya lake.

Karatasi moja inatosha: majina yenu, chumba kipi, kodi ya zamani, kodi mpya, inaanza tarehe gani hadi tarehe gani, nani analipa maji na umeme, sahihi zenu na shahidi mmoja kila upande. Akiona aibu kuandika mkataba upya, mtumie ujumbe usiku uleule: "Baba asante kwa leo. Nimeelewa kodi kuanzia Oktoba ni 230,000 kwa miezi sita." Akijibu "sawa mwanangu," umepata maandishi. Na lipa kwa benki au kwa simu ili namba mpya ionekane.

Ni lazima kupitia serikali ya mtaa au mwanasheria?

Si lazima ili mkataba uwe halali, ingawa muhuri wa mtaa na sahihi ya mwenyekiti au mjumbe husaidia mtu akikana. Mkataba wa pango hutakiwa pia kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Wapangaji wa vyumba wengi hawafanyi, lakini mkifika baraza la ardhi mkataba usiolipiwa unaweza kuwekewa pingamizi, na mtu hulazimika kulipa hapo.

## Hali zisizo za kila siku

Kazi imeisha. Kodi inakwisha mwezi ujao na sina kitu.

Nenda leo. Hapa usiombe kupunguziwa, omba muda, na uende na tarehe: "Naomba nilipe mwezi mmoja mmoja hadi Desemba, kila tarehe tano." Mwenye nyumba akipokea 200,000 kila mwezi anaona mtu anayehangaika. Asipopokea kitu na simu haipokelewi, anaona mwizi. Katika vyumba vya mama sijawahi kumwandikia notisi mtu aliyenipigia simu kabla ya tarehe. Waliojificha, ndiyo.

Na kama unaona kweli hutaweza, omba kuhamia chumba kidogo palepale kabla deni halijakua.

Mafuriko yameingia ndani, au nyumba imeungua sehemu. Naendelea kulipa kodi yote?

Hapa sheria iko upande wako kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine, kinachukulia kwamba nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba na mfano wa hayo, bila uzembe wako, kiasi hata isikalike yote au sehemu yake, kodi inasimama, au sehemu ya kodi inayolingana na uharibifu, hadi nyumba itakapokalika tena. Isipotengenezwa ndani ya miezi sita, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Kwa wanaoishi mabondeni, kandokando ya Mto Msimbazi na mitaro yake, hili si la vitabuni. Maji yakiingia, piga picha za alama ya maji ukutani na tarehe, mwite mjumbe aone, kisha mwandikie mwenye nyumba. Kama ulilipa miezi sita na vyumba viwili kati ya vitatu havikaliki kwa mwezi mzima, omba theluthi mbili ya mwezi huo isogezwe mbele. Kusogeza siku mbele ni rahisi kwake kuliko kukurudishia fedha taslimu ambayo hana.

Nimelipa miezi sita, nataka kuhama mwezi wa tatu. Atanirudishia?

Angalia mkataba. Kama haujasema, usitegemee. Kinachofanikiwa ni kumletea mtu wa kuingia badala yako, akulipe wewe kodi ya miezi iliyobaki, mwenye nyumba akimkubali kwanza. Usimwingize kimyakimya.

Mwenye nyumba amefariki. Punguzo letu bado lipo?

Kwa muda uliokwisha lipiwa na ulioandikwa, lipo. Kwa kodi inayofuata utaongea na msimamizi wa mirathi. Mwombe akuonyeshe barua ya mahakama ya uteuzi wake kabla hujalipa. Ndugu watatu wanaweza kukujia na kila mmoja akadai kodi ni yake. Ukimlipa asiye msimamizi unaweza kulazimika kulipa mara mbili. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi ameikuta na mpangaji ndani, kwa hiyo muda wako uliolipia unaendelea. Mpe nakala ya karatasi yenu.

Kodi yangu imeandikwa kwa dola.

Hii ni ya Masaki, Oysterbay na Upanga zaidi. Kanuni zilizoanza tarehe 28 Machi 2025 zimekataza kupanga na kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Ukihuisha mkataba, kodi iandikwe kwa shilingi. Angalia tu kiwango cha kubadilishia anachotumia: wengine huibadilisha kwa kiwango cha juu, na kodi ikapanda bila mtu kusema imepanda. Hapo ndipo pa kuomba.

Ni fremu ya biashara. Njia ni hizihizi?

Hesabu ya chumba tupu ni ileile, tena kali zaidi, maana fremu iliyofungwa huwafukuza hata wateja wa jirani. Tofauti ni mbili. Kwanza, mwenye biashara anayelipa pango anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye jengo. Wengine humlazimisha mpangaji aibebe juu ya kodi. Kabla ya kuomba punguzo, elewaneni kama namba mnayotaja ni kabla ya hiyo asilimia 10 au baada yake. Pili, kilemba. Ulichompa mpangaji aliyetoka ili akuachie fremu, mwenye jengo hakukipokea, na ukikitaja kama sababu ya kupunguziwa hatakielewa.

Tangu niombe kupunguziwa ameanza visa. Amebadilisha kitasa nikiwa kazini.

Kama muda uliolipia haujaisha, hana haki ya kukufungia mlango wala kutoa vyombo vyako. Usivunje kitasa. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo aje aone; mara nyingi mlango hufunguliwa hapohapo, kwa aibu mbele ya majirani. Kama kuna vitisho au mali imepotea, nenda polisi.

Asipofungua, hatua inayofuata ni Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati inayoonyesha hivyo, unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba mkataba, ujumbe wa simu, risiti za malipo na picha ya kitasa.